Mbwa Aliyeachwa Amefungwa

Tangu zamani tumesikia watu wakisema kwamba mbwa aliyeharibika hana dawa ila rungu. Hatulikatai neno hili kwa haraka, kwani walisemao si watu wabaya. Wengi wao wana watoto wadogo, na baadhi yao wamemwona kwa macho mtu akifa kwa kichaa cha mbwa, kifo ambacho aliyekiona mara moja hakimtoki moyoni. Walakini nyuma ya neno lile limo swali, nalo ndilo tunalotaka kuwauliza wasomaji wetu mwezi huu. Mbwa akiharibiwa na mtu, kisha mtu huyo akaenda zake, deni la ubaya ule lamwangukia nani? Je, mbwa mwenyewe? Je, yule aliyemharibu, naye hayupo? Au ni apitaye njiani, ambaye kosa lake ni kwamba alikuwa na macho?

Swali hili hatukulipata kitabuni. Tulilipata nyuma ya ghala la duka.

Mwenye duka alimleta mtoto wa mbwa, akamfunga kwenye mwembe nyuma ya ghala kwa waya uliounganishwa na kipande cha kamba, urefu wake hatua tatu. Alimfunga mchana na usiku, maana aliamini, kama wengi waaminivyo, kwamba mbwa asiyezoeana na watu huwa mkali, na mbwa mkali hulinda mali. Katika hili alikosea jambo moja kubwa. Mbwa wa namna hiyo huwa mwoga, na woga ukikosa pa kukimbilia huuma. Baadaye biashara ikamharibikia, akahama usiku mmoja bila kuaga, akachukua bidhaa na mizani na hata bati la mlango, akamwacha mbwa.

Majirani walimtupia ukoko wa ugali siku walizokumbuka. Sisi nasi tulikuwa majirani. Njia ya kwenda shuleni hupita pale pale, nasi tuliipita asubuhi na jioni muda wa miezi karibu minane, tukamwona mbwa yule akikonda hata mbavu zikahesabika, na waya ukizama katika nyama ya shingo, tukasema, "Masikini," tukaenda kufundisha. Twaliandika jambo hili mapema ili msomaji asije akadhani kwamba tutakayoyasimulia huko mbele ni sifa zetu.

Siku moja mtoto wa jirani, wa miaka saba, alifuata embe lililoanguka ndani ya duara ya kamba ile. Mbwa akamwuma mkono. Mama yake alijua la kufanya: aliuosha mkono kwa sabuni na maji ya kumiminika muda wa robo saa, mtoto akilia na yeye akilia, ndipo akambeba mpaka zahanati kupata sindano. Jioni wanaume wakaja na marungu. Hapo ndipo tuliposema neno letu la kwanza juu ya mbwa yule, nalo halikuwa neno la huruma. Tuliomba siku 10.

Sababu yake ni hii, na yafaa kila mwanakijiji aijue. Mbwa mwenye kichaa, mate yake yakiisha kuwa na ugonjwa, haishi muda mrefu. Akiwa hai na mzima siku 10 baada ya kuuma, basi siku ile alipouma mate yake hayakuwa na ugonjwa. Kumwua saa ile ile na kumtupa ni kuutupa ushahidi. Lakini siku hizo si badala ya sindano, wala mtoto hangoji. Ugonjwa huu ukiisha kuonyesha dalili katika mwili wa mtu, ni nadra mno apone. Mwaka 2015 wataalamu walikadiria kwamba huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao katika Asia na Afrika, na karibu wote kwa meno ya mbwa. Kinga tunayo tangu kazi ya Louis Pasteur, ambayo mtoto Joseph Meister aliipokea mjini Paris mwezi wa Julai 1885, na hata leo wako wafao kwa kuchelewa kuitafuta. Kwa hiyo mtu amwogopaye mbwa asiyejulikana hatumwiti mjinga.

Siku ya 11 mbwa alikuwa mzima, na mtoto naye akiendelea vema. Marungu yakarudi nyumbani. Sasa mbwa hakuwa na mshtaki, wala hakuwa na mwenyewe, na watu wakatutazama sisi. Aliyeomba siku ndiye abakiye nazo mkononi.

Basi turudi kwenye swali. Je, mbwa alikuwa na hatia? Mtu akiiba twamhukumu kwa sababu mbele yake palikuwa na njia mbili akachagua moja. Mbwa yule alikuwa na njia moja tu, na urefu wake ni hatua tatu. Tena, watu waliokaa karibu na duka walituambia kwamba hapo kwanza alikuwa akinguruma kabla ya kuruka, na mwenye duka alikuwa akimpiga kwa kunguruma kwake mbele ya wanunuzi. Mbwa angurumaye ni kama mtu apigaye kelele, "Usije!" Ukimpiga kwa kelele hiyo, hofu yake hujaiondoa, umemwondolea maneno, na safari nyingine atauma akiwa kimya. Ndivyo alivyoumwa mtoto yule, pasipo onyo. Ukiitafuta hatia utaiona, lakini imehama usiku pamoja na mizani.

Wako watakaosema: haya, kosa ni la mtu, lakini mbwa amekwisha kuharibika, na samaki hukunjwa angali mbichi. Hoja hii ina nguvu, na wenye elimu wameiongezea nguvu. Huko Bar Harbor, katika jimbo la Maine, Marekani, John Paul Scott na John Fuller waliwachunguza watoto wa mbwa kwa miaka mingi, wakatoa kitabu chao mwaka 1965. Walionyesha kwamba mtoto wa mbwa anayo majuma machache, tangu kama la 3 hata kama la 12, ambayo ndani yake moyo wake huwa wazi kuwazoea wanadamu. Majuma hayo yakipita asiguswe na mkono mwema, kumzoeza huwa kazi ngumu sana. Hatubishi. Ila kazi ngumu bado ni kazi, wala mbwa si samaki. Samaki akikauka amekauka. Mbwa angali akila na kulala, na kila asubuhi huitazama tena mikono inayomjia.

Katika Sheria ya Musa imo amri juu ya punda wa adui aliyelemewa na mzigo wake: apitaye hana ruhusa ya kupita. Twaipenda amri hiyo kwa ajili ya jambo lisilotajwa ndani yake. Haimwagizi mpitaji aulize kwanza ni nani aliyempakia punda kupita kiasi. Mzigo uko juu ya punda, na mikono anayo mpitaji, hayo yatosha. Tukaona kwamba deni la mwenye duka limetuangukia sisi, si kwa kuwa tulikuwa wema kuliko wengine, bali kwa kuwa tulipita mara nyingi kuliko wengine.

Kazi ikaanza, nayo haikuwa kama tulivyodhani. Tulidhani huruma yatosha. Siku ya kwanza tulimpikia sufuria nzima ya ugali na vichwa vya samaki, Bwana Mifugo akatuzuia. Mnyama aliyekaa na njaa muda mrefu akishibishwa ghafula aweza kufa kwa shibe ile ile. Yampasa apewe kidogo kidogo, mara nyingi, siku nyingi. Tukampa uji mwepesi wenye unga wa dagaa mara nne kwa siku. Bwana Mifugo alimfunga mdomo kwa kitambaa, akaukata waya, akasafisha kidonda, akamchoma sindano ya kuzuia kichaa, akampa dawa ya minyoo na ya ukurutu, nasi tukamtoa kupe mpaka vidole vikauma. Yote hayo yalikuwa kazi ya mchana mmoja. Mwili ndio uliokuwa rahisi. Baada ya miezi mitatu manyoya yalikuwa yameota.

Moyo ulichelewa. Ilitupasa kujifunza kutomtazama machoni, maana kwake jicho la mtu lilikuwa mwanzo wa fimbo. Tulikaa mbali kidogo, tumempa ubavu, tukisahihisha madaftari ya watoto, na kipande cha dagaa kimewekwa chini kando yetu, wala hatukunyosha mkono juu ya kichwa chake. Siku 19 zilipita kabla hajaja kukila kile kipande. Akiisha kusogea, mtu akikohoa njiani, alirudi nyuma kwa siku tano. Ufagio ukiinuliwa alijikojolea. Tena twakiri kwamba siku moja, tumetoka kufundisha watoto 70 katika darasa moja, tulimkemea kwa sauti kubwa kwa kutafuna kiatu, na kazi ya mwezi mzima ikaanguka. Hakutuonyesha meno. Alikwenda akajikunja hatua tatu kutoka kwenye nguzo ya jiko, akakaa pale pale mpaka asubuhi, na kamba haikuwapo.

Watoto wa nyumbani walimwita Mgeni. Wako watu wawapao mbwa wao majina ya kuwasema majirani, na sisi jina la namna hiyo tungalilipata kwa urahisi, lakini tuliona kwamba maneno yake yangaliturudia wenyewe.

Ulipofika mwezi wa Februari akiba za watu zilikuwa zimepungua. Bibi kizee mmoja alisimama mlangoni petu, akamwangalia Mgeni akilamba sufuria, akasema, "Mwalimu, mbwa amekula. Mimi nami ni jirani." Hakulisema kwa hasira. Tulitafuta hoja, tusiione. Mwaka 1860, Mary Tealby alipofungua huko Holloway, London, nyumba ya kuwapokea mbwa waliopotea na wenye njaa, gazeti la The Times lilimdhihaki yeye na wenzake, likatia shaka kama wana akili timamu. Nyumba ile haikufa. Mwaka 1871 ilihamia Battersea, na hata leo yapokea mbwa na kuwatafutia wenyewe. Lakini kudumu kwa nyumba ya London si jibu kwa bibi kizee mwenye njaa, wala hatukuthubutu kumpa. Jibu tuliloliweza lilikuwa dogo: tangu siku ile sahani yake ilipakuliwa kabla ya ile ya mbwa. Aibu yetu ni kwamba mbwa ndiye aliyemleta mlangoni. Kabla yake hatukujua kwamba analala bila kula. Kwa hiyo hatuwaamini sana wale wasemao kwamba huruma ni kama debe la maji, ukimpa huyu umempunguzia yule. Wala hatuwaamini kabisa wale wasemao kwamba haipungui kamwe. Unga hupungua.

Iko habari nyingine ya mbali ambayo ilitufaa wakati wa kukata tamaa. Mwezi wa Aprili 2007, katika jimbo la Virginia, Marekani, serikali iliwachukua mbwa kama 50 kutoka katika mali ya Michael Vick, mchezaji mashuhuri wa mpira wa Kimarekani, ambako walikuwa wakifugwa ili wapiganishwe. Yeye alikiri kosa, akahukumiwa kifungo cha miezi 23. Desturi ya siku zile ilikuwa kuwaua mbwa wa namna hiyo wote pamoja, na hata baadhi ya vyama vya kuwatetea wanyama vilishauri hivyo. Safari hii wakachunguzwa mmoja mmoja. Mmoja alionekana kuwa mkali kupita kiasi, akauawa. Walio wengi walipelekwa kwa watunzaji, 22 kati yao huko Utah, na baadhi ya mbwa hao mwishowe walipata nyumba za watu wa kawaida. Mmoja wao, aliyeitwa Jonny Justice, akawa akikaa karibu na watoto wajifunzao kusoma, wakimsomea kwa sauti. Sisi walimu twamwonea wivu kwa saburi yake. Tena huko Virginia mwenye deni alipatikana: mchezaji yule aliamriwa kulipa dola zipatazo 928,000 kwa matunzo ya mbwa wale. Sisi wa kwetu hatujamwona hata leo.

Lakini neno tulilolishika katika habari ile ni lile la mmoja mmoja. Huruma ingaliweza kusema, "Waacheni wote," na hofu ikasema, "Waueni wote," na zote mbili zingalikuwa zimekataa kumtazama mbwa aliye mbele yao. Tulipomtazama Mgeni kwa namna hiyo tuliona jambo ambalo hatukutaka kuliona. Nyumba yetu imepakana na uwanja wa shule. Mgeni aliwakubali watu wazima, akawakubali watoto wetu; lakini kundi la watoto likipita mbio kwa makelele, mwili wake ulikauka kama kuni, na macho yakamgeuka. Hakumwuma mtu. Sisi tulijua kwamba siku moja angaliuma, na siku hiyo hatungaliweza kuomba siku 10 mara ya pili. Nyumba iliyomponya haikuwa nyumba ya kumfaa.

Tulikawia miezi miwili kulikubali hilo. Tulijiambia kwamba kumtoa mnyama aliyekwisha kukuamini ni kumsaliti. Hoja hiyo ilikuwa nzuri, ila ilikuwa yetu, haikuwa ya mbwa. Yeye alihitaji mahali pa kimya. Sisi tulihitaji kupendwa na kiumbe asiyempenda mtu mwingine yeyote, nayo ni furaha yenye hila nyingi, tena humpata hata mwalimu kwa mwanafunzi wake.

Wa kwanza kuja kumtaka alikuwa mfanyabiashara, mwenye fedha mkononi, aliyetaka mbwa mkali wa kufunga mlangoni kwake. Huyo tulimjibu kabla hajaketi. Wa pili walikuwa mume na mke, watu wema, wenye watoto wawili wadogo. Walimpenda Mgeni, naye akainusa mikono yao. Mama yule akauliza, "Ana tabia gani?" Tukajibu, "Ni mpole. Ni mwoga kidogo." Kila neno lilikuwa kweli, na jibu zima lilikuwa uongo. Ndipo binti yetu mdogo, aliyekuwa akichezea mchanga, akainua kichwa akasema, "Alimwuma mtoto." Wageni wakanyamaza, wakauliza mawili matatu, wakatushukuru, wakaenda zao bila mbwa.

Miaka mingi tumewafundisha watoto amri ya kutoshuhudia uongo, na kumbe moyoni tuliidhani ni amri ya mahakamani. Hatukupata kufikiri kwamba yaweza kuvunjwa ukumbini kwa sauti ya upole, kwa ajili ya kumtendea mema mbwa. Amtoaye mbwa hutoa na habari zake. Akiuzuia ubaya nyuma ya mgongo wake, amemweka mtoto mwingine chini ya mwembe mwingine. Mwenye duka hakumwambia mtu neno alipohama. Nasi tulikuwa karibu kuhama vivyo hivyo, bila kuondoka nyumbani.

Wa tatu alikuja peke yake, mzee aliyefiwa na mkewe, mfugaji wa mbuzi katika kijiji cha mlimani, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Ameuma nani, na kwa nini?" Tulimwambia yote, tukaanza na miezi minane tuliyopita pale bila kufanya neno. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaketi chini, akampa mbwa ubavu bila kufundishwa na mtu, akatoa kipande cha dagaa mfukoni akakiweka ardhini. Alirudi hivyo mara tatu, mwendo wa saa mbili kuja na saa mbili kurudi. Mara ya nne waliondoka pamoja, kwa kamba ndefu iliyolegea. Mgeni aligeuka mara moja penye kona. Hatukumwita. Mzee alituomba tusiende kumtazama kabla ya mwezi kupita, nasi tulitii, ijapokuwa ilikuwa vigumu. Sasa husikia habari zake mnadani: hulala mlangoni pa zizi, na anapotaka kunguruma hunguruma, na hakuna ampigaye.

Juma lile alipoondoka tulikutana kisimani na mama wa mtoto aliyeumwa. Akauliza habari za mbwa, nasi tukamsimulia kwa furaha na kwa urefu, uji na dagaa na zile siku 19. Alitusikiliza, ndoo imejaa mbele yake. Kisha akasema, "Miezi 10, Mwalimu. Na mwanangu mmekwenda kumtazama mara ngapi?"

Tulihesabu. Mara mbili, na zote katika juma la kwanza. Mkono ulipona zamani, limebaki kovu dogo chini ya kidole gumba. Lakini mtoto yule huzunguka kwa njia ya shambani aendapo shuleni, hufika amelowa umande na amechelewa, na kwa kuchelewa kwake tumemwadhibu, tusiulize. Mbwa akibweka hata ng'ambo ya mto huacha kuandika.

Tangu siku ile huja kwetu jioni mbili kila juma, mama yake akimwacha mlangoni. Hatumwulizi kitu, wala hatumwambii habari za mbwa. Twakaa naye ukumbini ubavu kwa ubavu, sisi tukisahihisha madaftari, yeye akichora juu ya ubao wake mdogo. Juzi, bila kututazama, akauliza kama huko mlimani Mgeni hupewa dagaa.